Mbeleko Iliyoazimwa

Jumanne, 2 Julai 1996

Mbeleko haipo! Nimefungua sanduku la Mama kutafuta vinguo vya mtoto, kanga zote zimo isipokuwa ile. Ile nyekundu iliyopauka, iliyotubeba sisi sote mgongoni kwa Mama. Nimemuuliza. Kasema kampa Mirella. Kampa! Hivihivi, kama anatoa chumvi.

Mirella ni yule Mtaliano aliyepanga kwa jirani yetu Hadija. Msanii. Hachori, haimbi. Anapiga video, anarekodi sauti, anatundika taa, halafu anasema yote hayo ni kazi moja. Sasa anakusanya mbeleko kuukuu za wanawake wa huku Mponde. Anazishona ziwe hema. Ndani kutakuwa na spika zenye sauti zetu za kubembeleza watoto, na picha za video zitamulikwa juu ya nguo. Watu wa kwao watavua viatu waingie. Mimi ndiye namtafsiria Kiingereza chake, tangu nipunguzwe kazi ofisini tukarudi kukaa kwa Mama.

Kila anayetoa mbeleko hupewa doti mpya ya kanga. Siku hizi soko huria, kanga za India zimejaa Mombo, zinamwagwa chini kwenye maturubai. Wanawake wanaona wamepata.

Mimi tumbo hili liko karibu. Wa kwanza nilimbeba kwa kanga ya dukani, kule Tanga. Hakufika kutambaa. Sisemi ni kwa sababu hiyo. Nimemaliza kidato cha nne, malaria naijua. Lakini huyu nataka nimbebe kwa ile. Basi.

Jumatano, 3 Julai

Nimemrudia Mama. Doti yako mpya iko wapi? Kumbe hakuchukua. Kasema hakuuza, amemwazima tu. Nimwache, hayo ni mambo ya watu wazima.

Watu wazima! Nina mimba ya kukaribia kuzaa, na bado mimi ni mtoto.

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda kwa Mirella. Kanipokea na “onga makeo” — salamu yetu ya Kishambaa ya asubuhi, na ilikuwa saa kumi jioni. Sikumsahihisha. Vidole vyake vimejaa plasta kwa kuchomwa na sindano. Anafanya kazi kweli, sibishi, na hilo ndilo linaniudhi. Angekuwa mvivu ningemchukia vizuri.

Kasema ile alipewa zawadi, tena video anayo. Nimechungulia kwenye kamera yake. Ni siku ile nilikwenda kliniki Bumbuli. Mama anamfunga Mirella mbeleko kiunoni, chini ya sweta. Anakaza fundo. Anampapasa tumbo. Anainua mikono anaomba dua. Mirella anacheka, anamkumbatia.

Nikaelewa.

Kwenye ukoo wetu mwanamke asiyeshika mimba huazimwa mbeleko ya mama aliyelea wengi. Analala nayo kiunoni. Mtoto akija, anambeba kwa hiyo mpaka atembee, ndipo anairudisha imefuliwa, na kuku juu. Na mwenyewe haiombi irudi kabla. Kuiomba ni kumwambia mwenzio hutazaa.

Na huyu sasa! Ameshavuka arobaini, hana mume, hana mtoto, anazunguka milimani kuomba mbeleko za wanawake waliozaa. Mama angefikiri nini kingine?

Mirella yeye kasema Mama akiitaka aje aseme mwenyewe, atairudisha papo hapo. Lakini iwe kabla ya Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Siku hiyo anaikata vipande virefu vya kushikilia paa la hema.

Anaikata.

Jumamosi, 6 Julai

Abubakari kapanda kutoka Mombo alikopeleka karoti. Nimemweleza mume wangu yote, naye kanijibu nguo ni nguo. Kaniletea doti ya India, ya bluu, ina korosho nyeupe. Nzuri. Nimeitupa juu ya kabati. Kaenda kulala bila kula, na akae hivyohivyo.

Jumapili, 7 Julai

Nimembembeleza Mama tangu tukiwa shambani kwenye chai. Nikamwambia nakaribia, naiomba mbeleko yangu. Kaendelea kuchuma. Halafu kaniuliza: wewe umeshika, yule bado, sasa mwenye shida nani?

Kumbe kila Ijumaa anamwombea. Kawaambia na wenzake wa kikundi cha chai wamwombee. Na yale maziwa anayompelekea asubuhi, mimi nikidhani ni ukarimu tu, ni ya kumnenepesha apate mtoto!

Nilitaka kumwambia pale pale: Mama, yule anashona hema. Nimeshindwa. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya jambo jema. Nimerudi nyumbani nikapasua kuni mpaka Hadija akaja kuninyang'anya shoka.

Jumanne, 9 Julai

Nimemuuliza Mirella bila kuzunguka. Unataka mtoto? Kasema hapana, hajawahi kutaka. Kasema kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Basi nikamweleza Mama anafikiri nini. Macho yakamlenga machozi. Nikamwonea huruma — mjinga mimi! Maana alipofungua mdomo kasema ni jambo zuri sana, lazima liwemo kwenye kazi. Je, Mama atakubali kulieleza mbele ya kamera?

Nimemwambia tumbo linanivuta, nikaondoka. Njia nzima nimetukana kwa Kishambaa, kwa sauti. Kiswahili hakikutosha.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika jikoni, moshi umenijaa machoni. Nimewaambia naangalia chai.

Wako barazani. Mirella kaja na kamera na miguu yake mitatu. Mama kachinja. Wanawake wa kikundi wote wamekaa mkekani, wamevaa vizuri, maana wamesikia mgeni analeta habari. Hata sikupata nafasi ya kumtoa Mama pembeni. Kashamsogelea Mirella, kamshika mkono, kaniambia kwa Kishambaa: muulize, imeshika?

Nikauliza. Mirella kajibu polepole, kwa heshima. Nimwambie hapana. Nimwambie hakutaka mtoto maisha yake yote, aliichukua kwa ajili ya kazi, anaomba radhi, na Mama akitaka atairudisha leo hii. Kwenye begi anayo, nimeiona ncha yake nyekundu. Haijakatwa.

Maneno machache tu. Nikiyasema, mbeleko ni yangu kabla ya chakula. Na Mama atakuwa ameaibika mbele ya kikundi kizima — dua zake, maziwa yake, kuku wake — na kataa kekundu ka kamera kanawaka. Nikisema “bado”, Mama atamwambia kaa nayo mwanangu, usikate tamaa. Na Jumatatu mkasi.

Anayejua lugha zote mbili ni mimi peke yangu. Ningejua haya nisingesoma!

Chai imechemka zamani. Nimechungulia dirishani. Kwenye kamba uani kumeanikwa ile doti ya bluu. Nani kaitoa juu ya kabati? Mama. Kaifua, kapinda pindo kwa mkono, kaifua tena ilainike. Ya kumbebea mjukuu wake, ili yule abaki na ile.

Mtoto anapiga teke. Wameacha kuongea huko nje. Mama ananiita, sauti ina furaha ya kusubiri.

Nasra! Kasemaje?