Khalil, Meseji Zako Zimefika

Khalil, mdogo wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kichina chetu cha sokoni, tulichokiokota pamoja hapa Guangzhou kabla hujarudi kwenu, kilitutosha kwa bei na utani, ila kwa hasira niliyo nayo leo hakitoshi. Huko uliko nadhani huhitaji mkalimani.

Meseji zako zilifika jana. Ndiyo, zako. Dada yako Hanan alishaniambia kutoka Gaza kwamba wamekuzika, na nilishakulilia hapa mtaani Xiaobei mpaka wateja wakaogopa kuingia dukani. Jana akapanda na simu yako mahali penye mtandao, na yote uliyoniandikia ukiwa hai yakamiminika kwa mpigo: michoro ya nguo za watoto, kicheko chako, na lile "dada" lako la Kichina: "Jiejie, kile kitambaa cha kijani usikikubali, kinachuja." Nikakaa juu ya marobota. Marehemu ananichagulia rangi! Watu gani hawa, wanaokata mtandao na kuyafungia maneno ya mtu mpaka afe kwanza?

Ulipopotea hewani, Kaka Jumbe wa ofisi ya mizigo alinituliza: "Sista, bando limekata tu huyo, atarudi." Bando! Nilimfokea mpaka ngazi nzima ya jengo la Tianxiu ikasikia. Yeye akikosa mtandao anakosa mpira. Wewe ukiukosa unakosa ambulensi.

Nikamweleza kazi yako. Kwamba mimi hununua laini ya simu isiyo na kadi, inakuja kama picha ya mraba yenye madoadoa meusi, nakutumia. Kwamba wewe hupanda juu ya paa, ambako mawimbi ya ng'ambo ya mpaka yanafika, unaipokea, kisha jirani anaiskani kwenye kioo cha simu yako. Maana huko kwenu, ili upate mtandao, lazima kwanza mtu awe na mtandao! Mtaa mzima uliurudisha hewani hivyo. Wanafunzi wakapata masomo, wazee wakajua nani yuko hospitali gani, nawe ukanitumia michoro ukapata riziki.

Na paani ndiko walikokupiga kwa kombora. Ulipanda kwa ajili ya Umm Salim, jirani yako, aliyetaka kujua kama mwanawe kafika salama. Hanan anasema ulikuwa bado unapumua. Wakapiga simu kuita ambulensi, haikutoka. Shemeji yako akatoka mbio kwa miguu kuifuata, ukakata roho angali njiani. Hilo siwezi kulimeza, Khalil. Siwezi. Hata simu ya mtu anayevuja damu nayo ni adui?

Laoban, bosi wa kiwandani, ameulizia michoro ya msimu mpya. Nikamwambia umefariki. Alizima sigara yake. Kariakoo watoto wanavaa nguo zenye wale sungura uliowachora, na wewe hukuruhusiwa hata kuomba msaada. Nikifikiria hivyo natamani kuvunja kitu.

Sasa anayepanda paani ni Hanan. Niliandika "usipande," nikafuta. Majirani wamebaki na nani mwingine? Mimi nauza nguo Guangzhou, kombora siwezi kulizuia.

Kwaheri, mdogo wangu. Mungu akupokee vizuri kuliko dunia ilivyokutendea. Naahidi hivi: kila Hanan atakapopanda, picha ya laini itakuwa imeshatumwa, inamngoja, asikae kule juu akinisubiri mimi. Apokee, ashuke.

Jiejie wako,
Zuhura