Ukimya wa Kiti Kimoja

Jumatatu, 9 Machi 1987

Mtambo wa kuzima kelele umefungwa ofisini leo. Aliyeuleta ni Injinia Mutiso kutoka Nairobi — suti nzito katika joto hili la Voi! Ametundika spika nne kwenye ukuta unaotutenga na chumba cha injini, na maikrofoni moja nyuma ya kiti cha meneja wetu, Bwana Mwandawiro. Eti spika zitatoa mngurumo ulio kinyume cha mngurumo wa injini, na mingurumo hiyo miwili itauana. Kelele kuua kelele! Kwetu Rukanga tumepigia ndovu mabati kuwafukuza mashambani tangu nizaliwe, sijaona kelele ikifa. Kinachokufa ni mahindi.

Mtambo ukifanya kazi, nitamwomba injinia radhi. Daktari aliniambia mwezi jana sikio langu la kushoto limepungua. Miaka kumi na mmoja nachapa barua za kiwanda hiki cha kamba injini ile ikiwa mgongoni mwangu. Toka hapo mama, akasema daktari, la sivyo utapoteza na la pili. Nikaandika barua kuomba kuhamia ofisi ya stoo. Bwana Mwandawiro akasema nisubiri mtambo. Haya, nimesubiri.

Jumatano, 11 Machi

Umewashwa. Bwana Mwandawiro aliketi, akafumba macho, akatabasamu kama mtoto aliyeshiba uji. Anasikia saa yake ya mkono, akasema. Injinia akainama, kichwa kwa kichwa naye, akaisikia pia. Wakapeana mikono. Maprofesa wawili!

Huku kwenye meza yangu ya pembeni, saa hakuna. Mngurumo ndio umezidi. Unaingia kifuani, unashuka tumboni. Nikamwambia injinia. Akanijibu kwa Kizungu kirefu, kisha kwa Kiswahili kifupi: ni mawazo tu, mama. Hakuja kusikiliza. Hatua sita tu kutoka kiti cha bosi! Nilizihesabu baada ya wao kutoka.

Ijumaa, 13 Machi

Hannah wa chai ana akili kuliko wote wenye vyeti. Aliweka kikombe cha bosi, chai ikatulia. Akaweka changu, chai ikacheza. Akaja upande wa sikio langu zima. "Dada Tryphena," akasema, "huyu mdudu wao anafagia kelele za bosi anazileta kwako."

Mwingine wa kulinganisha sehemu hizi mbili hayupo. Kiti cha meneja hakikaliwi na mtu mwingine hapa. Hata akienda likizo, kaimu wake hujiletea kiti chake na kukaa kando ya meza. Naye bosi hajawahi kufika kwangu. Huita, nami huenda. Leo ameita mara mbili sikusikia. Akasema siku hizi nina kiburi.

Kiburi!

Jumanne, 17 Machi

Barua yangu imerudi. Bosi ameandika kwa wino mwekundu: hakuna haja, ofisi sasa ni kimya.

Nimelia chooni. Jumapili kwenye kwaya nilianza kuimba kabla ya wenzangu, mstari mzima, watu wakageuka kunitazama. Nina miaka thelathini na tisa. Naogopa.

Alhamisi, 19 Machi

Mwenyekiti wa bodi amekuja kutoka Mombasa kuona muujiza. Mgeni hasimami, basi Bwana Mwandawiro akampa kiti chake, akakivuta kwa mikono miwili. Wajumbe na injinia wakajaa nafasi yote ya mbele. Bosi mwenyewe akabaki bila pa kusimama ila kando ya meza yangu. Mara ya kwanza!

Mtambo ukawashwa. Mwenyekiti akasifu, akasema ni kama kanisa siku ya kazi. Bosi akafungua mdomo kuitikia, akageukia spika ukutani. Alikuwa ameegemea meza yangu kwa mkono. Akaitazama meza ikimtikisa mkono. Akanitazama mimi. Nilijua amesikia, naye alijua najua. Nikatumaini, mjinga mimi.

Mwenyekiti akauliza, huko nyuma mnaonaje? Bosi akajibu ni vilevile, mzee, kimya chumba kizima. Na ilibidi apaze sauti ndipo asikike akisema kuna kimya. Mwongo! Amesimama ndani ya kelele zenyewe anazikana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu wa leo alikuwa na njaa yangu mdomoni.

Ijumaa, 20 Machi

Ripoti ya bodi nimeichapa mwenyewe asubuhi. "Kimya chumba kizima." Chini kuna nafasi ya sahihi mbili: ya meneja, na ya mtumishi anayeshinda chumbani. Huyo ni mimi. Nikitia sahihi, nimemaliza mambo ya stoo kwa mkono wangu, na nisubiri uziwi.

Bosi ametia yake. Kisha akaja kwangu na kalamu, bila kuita. Akasema kwa upole, ni mambo ya karatasi tu, Tryphena, tusiaibishane.

Nikasema sawa, bwana, lakini sahihi ya kimya naomba niitie penye kimya. Nikachukua ripoti, kalamu yake na daftari langu hili. Nikatembea zile hatua sita. Nikaketi kwenye kiti chake.

Hapa ndipo naandika. Ni kweli, kumetulia. Nasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Sikujua kalamu ina sauti. Ripoti iko mbele yangu, sijaigusa. Yeye bado yuko kwenye meza yangu, amejishika kifuani, nadhani ndio ule mngurumo. Injinia amefika mlangoni na mkoba wake, anatutazama kwa zamu.

Bosi amesema, "Tryphena, inuka."

Nimemsikia vizuri kabisa. Bado nimekaa.