Glasi Tatu za Pombe ya Matufaha

Violeth na Gabrieli,

Maharage yako jikoni, ongezeni chumvi. Kuku wafungiwe kabla giza halijaingia. Mama yenu amekwenda Zuzu kwa shangazi yenu. Msimpigie simu, atalia.

Asubuhi alimwekea baba yenu glasi tatu za pombe ya matufaha bila kumwambia ipi ni ya nani: ya dukani, ya shangazi, na ya Mama, aliyoihangaikia wiki sita kwa ajili ya wageni wa mahari ya Violeth Jumamosi hii. Ya dukani, baba yenu akasema ni sukari tupu. Ya Mama akauliza kama ni siki. Ya shangazi akaimaliza, akaomba nyingine!

~~Dumu la Mama limwageni.~~ Msilimwage. Lifunikeni tu.

Sasa Mama afanyeje? Inabidi akamwombe wifi yake dumu la wageni, na wakati wa Pasaka Mama alimwambia wifi huyo mbele ya watu kwamba pombe yake ni maji ya kuoshea vyombo. Wala hakuwa ameionja.

Leo ameionja, kabla baba yenu hajaamka. Alikunywa glasi mbili.

Mama yenu