Mama Munir, Dirisha la Jikoni Sasa Linafunga

Naam, bajia zilitoka. Zilitoka na tundu katikati, na hazikunywa mafuta. Najua hilo ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla hujauliza nani alikuja na nani hakuja.

Mwaka umetimia jana, Mwanabaraka, tangu ulipotutoka. Mimi skuli niliishia darasa la tatu, wewe unajua, kwa hiyo nasema mimi na mwanetu Munir anaandika. Ameshanambia mara mbili nifupishe. Nimemwambia, mama yako alinisikiliza miaka arubaini na sita, wewe dakika kumi tu zinakushinda.

Tunakukumbuka kwa mikono yako. Miaka ile yote ulikuwa ukienda kuwaogesha wazee wa watu majumbani mwao, unarudi miguu imevimba, na bado mtu akipiga hodi unateleka mafuta. Tunakukumbuka ukibishana na redio. Tunakukumbuka ulivyokuwa ukigeuza viatu vya wageni vielekee nje, ili mtu asihangaike wakati wa kuondoka.

Na bajia zako za tundu. Alikufundisha Pramila, jirani yetu wa mlango wa pili, Mhindi wa Kerala aliyekaa Dar es Salaam miaka kumi na mbili. Kwao wanaziita vada. Dengu nyeupe zinalala kwenye maji, zinasagwa, rojo linapigwa kwa mkono mpaka liwe jepesi, unatia tangawizi, pilipili manga na majani ya mchuzi. Kidole gumba kinatoboa katikati, halafu mafutani. Watu walikuwa wakitoka Thamesmead kuja hapa Barking, kwenye baridi hii ya ughaibuni, kwa ajili ya bajia hizo.

Lakini walikula na makoti mwilini, hilo lazima niliseme. Dirisha la jikoni lilikuwa halifungi, nami nikawa naliziba kwa kanga zako kuukuu. Kila ukinambia niite fundi nakujibu, fundi wa nini, na mimi nina mikono? Boila la kupashia nyumba joto likilia nalipiga kofi. Chumba cha nyuma kikaota ukungu, na mjukuu wetu Zahra ana pumu, basi Munir akaacha kumleta kulala. Mtoto anakuja, anakula, anaondoka kabla ya kiza.

Wiki zako za mwisho ulinambia jambo moja tu. "Nataka Zahra alale nyumba hii." Nikasema ndiyo, atalala. Ukaondoka sijafanya kitu. Hilo limekaa hapa kifuani mwaka mzima.

Baada ya arubaini yako Munir akanijia. "Baba, mwaka wa mama ukifika na nyumba bado iko hivi, utahamia kwangu. Funguo tutawarudishia kansili, wenye nyumba." Hakusema kwa ubaya, anaogopa baridi itaniua. Lakini mimi nikiondoka hapa, jiko lako nimwachie nani?

Basi nikaita fundi. Ndiyo, mimi. Anaitwa Njoroge, Mkenya, kijana mrefu mwenye maneno. Akaliangalia dirisha na kanga zake akaniuliza, "Mzee, hii ni dirisha ama ni godoro?" Nikamwambia afanye kazi yake. Akaweka fremu mpya, bawaba mpya, mpira mpya na kioo cha tabaka mbili. Boila akalisafisha. Akapita redieta zote kuzitoa hewa, zikanguruma kama tumbo la mtu aliyefunga, halafu joto likaja. Ukuta wa chumba cha nyuma tukaukwangua na kuupaka rangi.

Ikabaki redieta ya jikoni, baridi vilevile. Ile niliyoilaani miaka kumi na moja. Njoroge akainama, akashika koki ya chini, akaigeuza.

"Mzee, hii haijaharibika. Mtu aliifunga. Na aliifunga na spana."

Pramila alikuwa amesimama mlangoni na chai ya fundi. Akaangalia dari.

"Pramila," nikamwambia.

"Mkeo," akasema. "Mimi nilimwambia rojo likipata joto linakufa, bajia zinakuwa ngumu. Akasema, basi hili dude tulifunge, na usimwambie Mwadini, mwache apigane na boila lake."

Mama Munir. Miaka kumi na moja. Nikakaa juu ya ndoo ya Njoroge, nikacheka mpaka nikalia, na nikilia nacheka. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu kutoka ndani ya jiko lile tangu uondoke.

Jana basi, siku yako. Hitma ya kukusomea ilikuwa alasiri, na asubuhi nikaingia jikoni mwenyewe. Jiko lina joto zuri. Nikasaga, nikatoboa, nikatia mafutani. Zikazama, zikanywa mafuta, zikatoka mawe. Pramila akachukua moja akaigonga kwenye sahani. "Hii mpelekee Njoroge, ajengee."

Nikatafuta spana niifunge ile koki. Nikajiona narudi kulekule, jiko baridi na watu na makoti.

"Mzee," Pramila akasema, "dirisha hilo linafunguka pia, au umenunua picha?"

Sikuwa nimelifikiria. La zamani halikufunga na wala halikufunguka, lilikuwa limekwama katikati. Nikalifungua hili. Baridi ya Barking ikaingia yote. Nikaweka bakuli pale dirishani, nikasaga dengu nyingine kwa maji ya barafu, nikapiga rojo kwa mkono mpaka bega likaniuma. Pramila akadondosha tone moja ndani ya kikombe cha maji. Likaelea. Nikalifunga dirisha kwa vidole viwili.

Tulipomaliza dua, Munir akaja jikoni. Akapitisha kiganja pembezoni mwa dirisha, juu, chini, huku na huku, kama anayetafuta uongo wangu. Akaenda chumba cha nyuma, akakaa kitambo. Aliporudi alikuwa amevua koti. Akaliangika msumarini, akafunua sufuria kuangalia chatne ya nazi.

"Baba, sahani ziko wapi?"

Hapa kidole chake kimesimama kwenye simu, haandiki. Andika, mwanangu.

Nyuma yake akaingia Zahra, mto wa kulalia kwapani na dawa yake ya pumu mkononi. "Babu, where's my bed?"

"Palepale."

Basi tukakaa, Mwanabaraka, na hakuna aliyekuwa na koti. Mimi mumeo Mwadini karibu na redieta. Munir na mkewe Reena upande wa mlango, dada yako Mwanaidi kwenye kiti chako kwa sababu amekataa kibaki kitupu, Pramila na bakuli la chatne mapajani, na Njoroge, maana nilimwalika, akaja na shati jeupe, naye anakujua kwa hadithi zetu. Hao wote ndio wanaokukumbuka, na watakukumbuka muda wote watakaokuwa hai. Zahra akaingiza kidole kwenye tundu la bajia kama pete, akakutaja kwa jina, akasema bismillahi, na sote tukaanza kula.