Mlango wa Mbele wa Kasri

Jumamosi, Novemba

Bado nimekasirika. Mtunzaji wa lile kasri la Kigothi huku Saint Paul, ughaibuni, alitusimulia vizuri jinsi familia moja tajiri ilivyolijenga, matao yaliyochongoka, madirisha ya vioo vya rangi, kisha akaniambia sufuria zangu zipite mlango wa nyuma. Eti ndiko watumishi walikopitia tangu zamani.

Mimi si mtumishi. Nimelikodi kwa sherehe ya mahari ya binti yangu.

Nikapita mbele na mukimo wangu, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga. Halafu mimi na dada zangu tukafunga ule mlango mkubwa kwa ndani, kama ilivyo desturi yetu, mpaka wakwe waimbe ndipo tuwafungulie.

Mtunzaji alikuwa ametoka kuvuta sigara. Akabisha, akabisha. Hatukufungua, na ule wa nyuma tulikuwa tumeufunga pia.

Pengine hatutakodishiwa tena, na iwe hivyo. Wakwe walipofika, mtunzaji naye aliimba pamoja nao, kwenye baridi, mpaka tukaridhika.