Maboga Nyuma ya Ghala

Dada Rehema,

Mwangaluka! Ndivyo tunavyoamkiana huku Bariadi. Jua linachoma na vumbi limetuingia hadi kwenye meno.

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waje, ghala la ushirika limetelekezwa, na mapipa ya dawa za wadudu yanavuja. Nyuma yake mimi na wenzangu wa mradi tumepanda maboga yanyonye sumu ardhini, tukazungushia miiba asiyaguse mtu wala mbuzi.

Leo mchana mwenyeji wangu, Mama Kulwa, akaniwekea ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Yamechumwa leo leo, na kiangazi chote hiki! Nikayawaza maboga yetu ya ghalani.

"Mama, mboga hii umeichuma wapi?"

Akanikazia macho. Mgeni haulizi hivyo. "Unanidhania mwizi? Nimechuma bustanini kwangu."

Nikashusha pumzi, nikamega tonge. Ndipo nikakumbuka bustani yake inapakana na miiba yetu, upande ule ule maji ya ghalani yanakotiririkia mvua ikinyesha. Nikalirudisha tonge, nikamweleza.

Mama Kulwa akaivuta sahani ya mapacha wake. Ilikuwa tupu.

"Kwa hiyo haya maboga yangu yamekuwa yakinyonya nini miaka yote?"

Kulwa na Doto walikuwa bado wanalamba vidole.

Kesho tunasogeza miiba, bustani yake iwe ndani. Nibusie watoto. Jumapili mkipika majani ya maboga, kuleni na tonge langu.

Mdogo wako,
Zuhura