Wiski ya Babu, Ulimi Wangu

Babu, shikamoo. Huku Tunduma, na Zambia nikivuka, hakuna ulimi mkali wa kuonja kama wa mjukuu wako.

Dereva wa lori Mzambia alinionjesha wiski ya Uskochi. "Dogo, taja pipa ililolazwa mwisho lilikuwa na kinywaji gani kabla yake, chupa uchukue."

Inachoma, halafu inageuka tamu kama muwa uliopita motoni. Nikamwambia, "Kinywaji cha miwa."

Akashika kichwa. "Ramu. Wewe dogo mchawi."

Chupa nikaiweka yako. Ila ili mke wangu Bibi naye apate, niliimimina chunguni nikaongeza maji ya moto, kama pombe yetu ya ulezi. Ulezi huongezwa maji mara tatu na bado unalewesha.

Kaa mzima hapo Ndalambo, Babu, na fimbo uiweke mbali. Wiski yako nimeiua kwa maji ya kwanza.